Mkwe Hapigwi Sinia

Jumatatu, 4 Machi
Ijulikane kwa wote, walio karibu na walio mbali: tumbo langu limepata kazi kwenye runinga. Mimi ninalisindikiza tu. Leo tumemaliza kurekodi sehemu ya kwanza. Vichekesho vya ofisini, kampuni ya kuuza barafu ya samaki, ndani ya ghala la kukodi hapa Kisumu. Mimi ndiye meneja. Mama Pamela, ambaye kazi yake ya kweli ni kukaanga samaki ufukweni, ndiye mama chai. Ananitukana, kisha analipiga tumbo kwa sinia. Leo kaongeza lake: "Meneja, hii tumbo yote ni yako ama kuna mtu umemshikia?" Nikacheka mbele ya kamera. Tukarudia.

Jumatano, 6 Machi
Binti yangu Akinyi kaleta mchumba nyumbani. Fundi wa friji. Mpole, na anakula vizuri. Nikampenda. Nikamuuliza mama yake ni nani.

Ni Mama Pamela.

Nikanywa maji. Nikanywa tena. Akinyi alijua muda wote. Anasema alikuwa anangoja nishibe.

Ijumaa, 8 Machi
Dada yangu Rosalia kafika kutoka Asembo. Mambo ya ndoa katika ukoo wetu hayapiti bila yeye. Kwetu mkwe hupewa kiti na heshima. Hatukanwi hata kwa mzaha, sembuse nchi nzima ikitazama. "Omondi, huyo mama akikugusa na hiyo sinia tena, ng'ombe wao wa mahari wasikanyage hapa."

Akinyi hakula chakula cha jioni. Mimi nilikula kidogo. Kwangu hayo ni maombolezo.

Jumapili, 10 Machi
Nimempigia Halima, mwongozaji wetu. Nimemwomba aondoe sinia. Kakataa. Anasema bila sinia hakuna kipindi, na wenye runinga wataitazama sehemu ya pili ndipo waamue kama tunaendelea.

Siwezi kutulia. Nimezunguka chumbani mpaka mke wangu kanihamishia sebuleni, nizungukie huko. Naitaka kazi hii. Nimeuza bima maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kufurahi kuniona mlangoni. Sasa watu wananicheka kwa hiari yao.

Akinyi anapita bila kunisemesha.

Jumanne, 12 Machi
Tumerekodi. Rosalia alikuja kushuhudia, Akinyi kando yake. Sitaki kuandika.

Alhamisi, 14 Machi
Rosalia kakubali. Posa itapokelewa. Akinyi anaimba jikoni, vibaya, kama mama yake. Majirani wananipa mkono. Ati nimelinda heshima ya mwanangu. Ati mzee wa hekima. Kila ninapojaribu kueleza, wanasema na mnyenyekevu pia.

Acha niandike ilivyokuwa.

Kabla ya kuanza, nilimfuata Mama Pamela nyuma ya makreti ya barafu. Nikamwambia, "Mama, wewe piga tu. Dada yangu nitamtuliza." Uongo. Rosalia hajawahi kutulizwa na mtu. Nilitaka apige. Nilitaka watu wacheke.

Halima akasema tuanze. Nikalitanguliza tumbo. Mama Pamela akainua sinia, likabaki juu. Akamtazama Akinyi. Akinyi alikuwa amefumba macho.

Basi akaliweka sinia mezani, taratibu, lisitoe sauti. Akavuta kiti. Akamimina chai, akanikabidhi kikombe kwa mikono miwili. "Kaa, Baba Akinyi."

Hakuna aliyecheka. Kisha akamgeukia Halima. "Mimi nimemaliza, mama. Tafuta mwingine wa kumpiga huyu."

Alivua aproni, akaikunja vizuri, akarudi kwa samaki wake. Naye pia alikuwa anaipenda kazi ile. Nilimwona siku ya kwanza, jinsi alivyosimama wima walipompigia makofi.

Ningeweza kusema tuondoke wote wawili. Sikusema. Nilikaa pale alipoonyesha, nikanywa chai.

Kesho tunarekodi upya na mama chai mwingine.