Lugha Waliyodhani Siijui

Malakula, Jumapili

Dada yangu Leimara,

Hatujambo. Viazi vikuu vimekubali mwaka huu. Miaka sita hapa kisiwani naongea na watu wa mume wangu Kibislama, lugha ya wote visiwani, nao walidhani ya kwao siijui.

Juzi mavyaa alimwambia mume wangu kwa lugha yao, "Barua ya kwao ichome. Akijua mamake mahututi, ataondoka asirudi."

Nikaweka chini kisu cha kumenyea viazi, nikajibu kwa lugha hiyohiyo: "Nitakwenda, mama."

"Kumbe unatusikia!" mavyaa akamaka.

Kesho yake wakampeleka mwanangu milimani kwa amu yake. Mume wangu akasema, "Boti ipo. Nenda peke yako."

Boti imeondoka, mimi nipo. Mwambie mama sikumtupa.

Nduguyo,
Leisau