Boneti Uliyoniomba Niikate

Baba Kulwa, rafiki yangu,

Nimeikata boneti. Najua ungekuwepo ungecheka kwanza, kisha ungeuliza nimeikata wapi, maana hukuwahi kuniamini na kipimo chochote kisichohusu rangi. Nimeikata pale pale ulipotaka, nyuma kidogo ya rejeta. Matundu sita kila upande, midomo imeinuliwa na kutazama nyuma, kama mashavu ya samaki. Ulinibembeleza mwaka mzima nikakataa, nimekuja kulifanya umeshalala mchangani.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye lile benchi la gereji yetu, hapa Kagongwa. Upande wako nimeuacha wazi. Juzi mteja alikuja akaukalia, nikamwinua. Alinishangaa sana yule baba, na mimi mwenyewe nilijishangaa, lakini sikuomba radhi.

Unakumbuka tulivyogawana kazi? Wewe injini, mimi bodi. Ukiniita Bwana Poda, kwamba kazi yangu ni kupaka magari wanja, na mimi nikikuita Mzee wa Grisi, kwamba hata wali unaula na harufu ya dizeli. Miaka kumi na minne ya utani, na kila mtu akijua mipaka yake. Hiyo boneti ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza tulichogombania kwelikweli.

Kosa lilikuwa lako, tuseme ukweli. Ni wewe uliyeipandikiza pikapu yako injini ya lori ili ipande milima ya Geita na mzigo. Ikapanda, ndiyo, lakini ikawa inachemsha. Ukabadilisha rejeta, ukabadilisha feni, ukabadilisha pampu ya maji, bado kwenye kilima mshale wa joto unakwenda kulala kwenye nyekundu. Ndipo siku ile ukachana sweta kuukuu la Mama Kulwa, ukabandika nyuzi zake boneti nzima kwa gundi ya karatasi, ukanipakia tukaenda kuzitazama zinavyocheza barabarani. Karibu na kioo nyuzi zililala zimegandamizwa. Nyuma ya rejeta zilirukaruka juu kama zimeshikwa kichaa. Ukaniambia, "Unaona? Upepo unaingia kwa mbele halafu hauna pa kutokea. Hapa juu wenyewe unataka kuvutwa nje. Wewe utoboe tu." Ukachora kwa chaki.

Nikasema kesho. Boneti ile nilikuwa nimeipiga rangi ya bluu kwa siku tisa, puti, msasa, rangi, msasa tena, mpaka mtu akichungulia anaona meno yake. Nisingeigeuza chujio. Kila Jumatatu ulikuwa unapitisha chaki yako upya na kuuliza, na mimi kila Jumatatu nilikuwa na kesho yangu.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada ya wewe kuanguka kule Geita pembeni ya mashine ya kusagia mawe uliyokwenda kwa basi kuitengeneza, kwa sababu wewe ulikuwepo lakini hukuona.

Watu walisema huwezi kubebwa na gari la kukodi ilhali una la kwako. Nilikwenda mimi kukuleta nyumbani, na ndugu zako, na wakwe, na vijana wa kubeba jeneza, na Mama Kulwa. Asubuhi ile niliiosha pikapu kwa mikono yangu mwenyewe. Niliosha huku nalia, sikuangalia ninachofuta, na nilipokuja kushtuka nilikuwa nimeifuta chaki yako yote.

Tulitoka Geita jua likiwa utosini. Wewe nyuma na watu kumi na wawili wamekuzunguka, tunakwenda polepole kwa heshima yako. Kwenye kile kilima kirefu baada ya daraja, gari likachemsha. Mvuke ukatoka mbele kama wa sufuria, nikasimama.

Kaka yako mkubwa, Mzee Machibya, akashuka. Akalizunguka gari na jeneza lako mara mbili. Akasema, "Marehemu amegoma. Ana neno na mke wake."

Wote walijua anachosema. Majirani walikuwa wamesikia asubuhi uliyoondoka, Mama Kulwa alivyokupigia kelele mlangoni. Alikuwa anakukataza kusafiri, Baba Kulwa, kwa sababu presha yako ilikuwa juu na uso umekuvimba. Ukang'ang'ania. Naye kwa hasira akasema, "Nenda basi, ukifia huko shauri yako." Ni maneno ambayo wanawake wote wa Shinyanga wamewahi kuwaambia waume wao wabishi, na waume wakarudi jioni wakala ugali. Wewe hukurudi.

Wakamshusha. Wakampigisha magoti kwenye vumbi, mbele ya jeneza, mbele ya wakwe na vijana wa kubeba jeneza, wakamwambia akuombe msamaha kwa sauti. Akaomba. Aliomba muda mrefu, mpaka sauti ikamkauka. Muda wote huo injini ilikuwa inapoa. Alipomaliza niliongeza maji, nikawasha, gari likawaka. Watu wakatazamana. Mzee Machibya akasema, "Mmeona."

Na mimi nilikuwa nimesimama na dumu la maji mkononi. Nilijua ni joto. Katika watu wote pale barabarani ni mimi peke yangu niliyejua, na sikusema.

Tangu siku hiyo Mama Kulwa ndiye mwanamke aliyekataliwa na marehemu. Sokoni wanamwachia nafasi kubwa kuliko anayohitaji. Kwenye kikundi chao cha kanisani wamemwambia apumzike kwanza. Pikapu yenyewe, ambayo sasa ndiyo inayomlisha, hakuna mfanyabiashara aliyetaka kuikodi isipokuwa Mzee Machibya, na yeye ni kwa kuona aibu watoto wa ndugu yake wakilala njaa. Alipeleka mchele Geita, mimi dereva, na kurudi tukapakia magunia ya dagaa mpaka springi zikalala.

Kilima kilekile, jua lilelile. Gari likachemsha.

Nikashuka, nikafungua boneti, na uchungu wote uliokuwa umenijaa ukatoka kwa kinywa kibaya. Nikamuuliza, "Mzee wangu, na hawa dagaa wamegombana na nani?"

Hakukasirika. Aliyatazama magunia, akasema labda roho ya mdogo wake bado imo ndani ya gari. Nikamwambia nipe wiki moja.

Nilichana sweta langu mwenyewe safari hii, nikabandika nyuzi, nikaingia barabarani. Kwa kuwa chaki ilishafutika, nilitaka kwanza kukata karibu na kioo, ndipo panapopendeza kwa macho, unanijua. Lakini nyuzi zililala vilevile kama siku ile, zikanikatalia. Nikarudi nyuma ya rejeta, zikaruka. Nikachora. Niliwasha grinda, nikaizima, nikakaa chini. Nikawasha tena. Rangi ya bluu ilipoanza kuruka vipande nilijisikia vibaya kuliko nilivyotegemea, na nikajichukia kwa kuhuzunikia rangi. Nikakunja midomo ya matundu moja moja, nikalainisha kingo zake zote. Chini yake nimeweka mfereji mdogo wa bati, mvua isidondokee injini. Huo hukuufikiria wewe, ni wa kwangu.

Tukaenda tena, mzee na mimi, na mzigo uleule. Ukiweka mkono juu ya matundu unahisi joto linavyotoka, unauondoa upesi. Tukavuka daraja, tukaanza kupanda. Mshale ulifika katikati ukakaa. Mzee Machibya alikuwa anautazama mshale, hatazami barabara. Tulipofika juu nilipaswa kufurahi, Baba Kulwa. Badala yake niliegesha pembeni nikalia mpaka mzee akanishika bega. Siku ile ya mazishi, nilipokuwa nimesimama na dumu, kuna sehemu yangu iliyowaamini. Iliamini umegoma kweli, kwamba bado uko nasi na hutaki kwenda. Nilikuwa nakuona mbishi kama kawaida yako, na nilikuwa nafurahi. Sasa nimetoboa matundu kumi na mawili na gari limepanda, na wewe hupo kabisa.

Mzee alishuka akaenda kusimama pale Mama Kulwa alipopigishwa magoti, akavua kofia. Jumapili iliyofuata, watu wakiwa wametoka kanisani, alimwita mbele yao wote. Akasema, "Shemeji, nilikupigisha magoti barabarani kwa kosa la injini. Ndugu yangu hakuwa na neno na wewe. Nisamehe, na hawa wasikie." Mzee wa umri ule! Mama Kulwa akajibu, "Nimesikia. Wabeja, baba," akishukuru kwa Kisukuma. Wanawake wawili watatu wakamsogelea, wakamshika mikono.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nangoja na mimi anipe mkono, kusema kweli, labda hata anishukuru. Alinijia watu walipoanza kutawanyika. Akasema taratibu, "Yeye hajui magari. Wewe ulijua."

Nikaanza habari za msiba, kwamba wakubwa walikuwa wanaongea, na mimi ni nani niwakatize. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Nilipokuwa nimepiga magoti, nilikuwa nakutazama wewe."

Akaondoka. Ni siku ya tano leo hajazungumza na mimi.

Hujaniuliza kwa nini nilinyamaza, lakini wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Ningesema ni joto, wangeuliza joto limetoka wapi, na ningelazimika kusema juu ya boneti, na kesho zangu zote. Nilimwacha mke wako achafuke vumbi ili mimi nibaki msafi. Hakuna sababu nyingine. Nimeitafuta, hakuna.

Jumamosi ni arobaini yako. Watakuwepo wote waliokuwa kwenye kilima, wakwe, vijana, kaka yako. Mzee ameshasema la kwake, limebaki langu. Nakuahidi nitasimama kabla chakula hakijagawiwa, nitaomba ruhusa ya kusema, na nitasema nilijua. Sitaanza na habari za matundu wala za rangi, maana nikianza huko nitajificha humo. Nitamtazama yeye nikisema, kama alivyonitazama.

Pumzika, rafiki yangu. Gari halichemshi tena.

Ni mimi, Shigela