Shikamoo ya Edgar

Shangazi Queen,

Shikamoo. Huku Maramba mahindi yamekomaa, na Babu hajambo.

Umeuliza ile ndege isiyo na injini iliyomuua kaka Edgar ilianguka vipi. Alikuwa akiikagua kabla ya kuruka, Babu akafika uwanjani. Edgar akaacha pini inayoshikilia mkia kabla hajaikaza, akakimbia kumwamkia. Aliporudi alidhani ameshaikaza, akaruka, na mkia ukachomoka angani.

Sasa sisi marubani tumekubaliana: anayekagua ndege haamkii mtu, na akikatizwa anaanza upya. Babu hajui sababu, tafadhali usimwambie.

Jumapili alikuja, akanikuta nakagua yangu. Sikumwamkia, nikaendelea kukagua. Akasimama pale, kisha akasema, "Mwenye adabu alikuwa marehemu kaka yako."

Nilianza upya, Shangazi.

Mwanao,
Ritha