Nyota ya Fundi Cherehani

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Umeacha kupanda ngazi peke yako, au bado unachora mabango ya watu huku jirani akikushikia ngazi kwa macho? Mimi mzima, ila tangu juzi sijatulia hata kidogo.

Nilikwambia nyota nyingi hazina jina, zina namba tu kwenye orodha. Sasa wataalamu wa anga duniani wameipa kila nchi nyota moja iipe jina, pamoja na sayari inayoizunguka. Mtu yeyote anapendekeza, halafu kamati inachagua. Na mimi, binti wa mchora mabango, nimeteuliwa kwenye kamati. Miaka yote nawafutia wakubwa vumbi kwenye darubini, leo nina kiti mezani.

Nyota yenyewe kwa macho matupu huioni. Sayari yake tunaijua kwa sababu kila inapokatiza mbele ya nyota, mwanga wa nyota unafifia kidogo, kisha unarudi.

Binti yako

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Mgongo mzima, ngazi nzima, jirani ndiye analalamika shingo. Nimetangaza mtaa mzima. Mwenye duka anauliza kama unaweza kumwangalizia nyota yake kabla hajaoa. Nimemwambia wewe unashughulika na za kweli.

Jina lipo, la marehemu mama yako. Sikungoja kamati, nimeshalichora kwenye ukuta wa karakana, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Watu wanasimama kusoma. Mwambie mwenyekiti asihangaike kutafuta lingine.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo, wewe na huo ukuta. Nilicheka, halafu nikaisoma tena barua yako.

Haiwezekani, baba. Sheria inakataza jina la mtu aliye hai, la biashara, na la mtu aliyefariki karibuni. Mama ametutoka miaka michache tu iliyopita. Natamani kama unavyotamani wewe, lakini mkono wangu haufiki. Yanayoruhusiwa ni majina ya vitu: mito, wanyama, kazi za watu. Tena yawe mawili yanayokwenda pamoja, la nyota na la sayari. Usinikasirikie.

Binti yako

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nilikasirika siku mbili, ya tatu nikachukua brashi nikafuta ukuta. Nikiwa nafuta, jicho likaangukia cherehani ya mama yako pale pembeni, nikajiuliza mjinga mimi natafuta nini.

Nyota iitwe Sindano, sayari iitwe Uzi. Wewe mwenyewe umesema ile sayari inakatiza, inapotea, inarudi. Uzi kwenye nguo unafanya nini kingine? Halafu ni mafupi, mtu aliye kwenye basi linalokimbia anayasoma yote mawili bila kugeuza shingo. Bango lisilosomeka hivyo huwa nalikataa.

Nimeshayatuma kwa kamati, na sababu nimeandika. Nimeweka majina yangu yote matatu wasije wakadhani ni mtu wa kubahatisha. Usingizi wenyewe siupati kwa furaha.

Baba yako

8 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa. Sindano. Nililisema kwa sauti ofisini, mwenzangu akadhani nimekatikiwa kifungo.

Ila kuna jambo ulijue. Mjumbe hawezi kukaa kwenye kamati inayopima pendekezo la mzazi wake. Ama jina litoke, ama mimi nitoke. Leo asubuhi nimetoka mimi. Usinigombeze, nimeshafanya.

Binti yako

8 Aprili

Mwanangu,

Salamu zitakuja siku nyingine, hii ni ya haraka. Mwalimu jirani kaniambia kamati haiwezi kupokea jina kutoka kwa baba wa mjumbe. Basi ukipata barua hii tu, liondoe. Kile kiti umekihangaikia tangu uko shule. Mama yako alishona nguo za watu ili wewe ukae kwenye kiti kama hicho, hakushona ili aitwe nyota. Naumia, sikufichi. Lakini liondoe.

Baba yako

16 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Barua zetu zilipishana njiani. Yako ilinikuta si mjumbe tena, na jina haliondolewi ila na mjumbe, au aliyelituma akiiandikia kamati. Wewe uliniandikia mimi. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, sikuipeleka kwa kamati wala sikukujibu. Utanisamehe.

Leo wamepiga kura. Nilikaa kwenye benchi la korido kama mgonjwa anayesubiri daktari. Mlango wao haufungi vizuri, nikamsikia mwenyekiti akisoma mapendekezo ya mwisho, kila jina na sababu yake. Mengine yalikuwa mazuri, nikaona tumeshindwa. Kisha akasoma lako: "Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Alipopita yeye ndipo mimi na binti yetu tulipopita. Sasa hatumwoni tena mbele, lakini bado tunamfuata."

Baadaye mwenyekiti akafungua mlango, akasema, "Ni Sindano. Na Uzi."

Tumeshinda, baba. Nimelia mbele yake mpaka akaanza kuangalia dari. Kuanzia leo, wataalamu popote walipo wakielekeza darubini pale, wataiita Sindano.

Lakini kilichoniliza si ushindi, ni ile sababu. Kila likizo tunakula meza moja, unanitania, unanichekesha, na hujawahi kunitamkia kwamba unamkumbuka mama kiasi hicho. Nimelazimika kuyasikia kwa mtu mwingine, nyuma ya mlango. Nakuja Jumamosi. Uniambie kwa mdomo wako, nami nina yangu ya kukwambia.

Binti yako