Walivyoniachia Gari

Murara, Goma

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Zaina,

Pokea salamu za mdogo wako. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Na watoto huko Kasongo, homa imewaacha? Sisi tu wazima, tumepanga chumba kimoja hapa Murara. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mambo haya siwezi kuyasema kwa sauti.

Unajua moto wa mlima ulivyomeza nyumba yetu na duka la vitenge. Mali ile nilikuwa nimeikopa kwa matajiri wa soko la Birere, na hawakungoja hata mawe yapoe. Nikaenda mwenyewe kwa wazee wa msikiti, nikasema nimefilisika. Kawaida yetu unaijua: muflisi huachiwa pa kulala, nguo za mwilini na chombo chake cha kazi. Mimi nilibaki na kile kigari cha mizigo tu. Kikienda, wanangu watakula nini?

Tajiri mmoja, mwenye tumbo na tasbihi, akasimama. "Ile gari haiko ya kazi, iko ya kutembea tu. Siku tulikimbia volkano, ulipeleka watu Sake. Walikulipa ao ulibeba bure?"

Yaya, niliwabeba bure. Safari tatu: wagonjwa, vikongwe, hata mbuzi wa watu. Nani angetoza nauli siku ile? Lakini wazee wote walinikodolea macho, nikaliona gari linanitoka. Nikasema, "Walinilipa, muzee. Kila mutu."

"Nani anashuhudia?"

Halafu Mama Feza, yule jirani yetu mjane, niliyemketisha mbele pamoja na wajukuu wake, akainuka. "Ni kweli. Miye nilikosa franga ya nauli, akanikamata kitenge yangu."

Basi wakaniachia gari. Nje nilitaka kumshukuru, akakataa mkono wangu. "Ulinibeba, na miye nimekubeba. Usinisemeshe tena."

Na yule mwenye tasbihi? Kabla ya sala ya alasiri alishaitangazia Birere nzima kwamba Salumu hulipisha watu wanaokimbia kifo. Yeye aliyetaka kuninyang'anya gari kwa sababu ya kubeba bure ndiye anayetema mate nikipita! Wananichukiza, Yaya, wazee na maswali yao, matajiri na tasbihi zao, na mimi mwenyewe kuliko wote. Ningeweza kusema kweli, sikusema.

Kazi ya mizigo napata, kwa wasionijua. Watoto wanakula. Lakini juma lililopita waasi walisogea, watu wakashuka kwa miguu kuja kambi ya Kanyaruchinya, nje kidogo ya mji, magodoro kichwani na mvua inawapiga. Nikapeleka gari, nikafungua milango. "Pandeni, ni bure!" Mama mmoja mwenye mimba kubwa akashika mlango. Mumewe akamvuta.

"Acha. Ni ule wa Sake. Atakukamata kitenge."

Yule mama akaangalia kitenge alichojifunga, akauachia mlango. Nilirudi mjini na gari tupu, nikiwapita mmoja mmoja, na hakuna aliyeinua mkono kunisimamisha.

Nisalimie shemeji na cherehani yake, na shangazi aliyetulea. Mama akiuliza habari za gari, mwambie lipo, halina hata mkwaruzo.

Mdogo wako, mwenye gari,
Salumu