Nukta ya Penseli Kwenye Mayai ya Mashavu

Kwako Baba Mwanaisha, unayepumzika Mtongwe,

Nimetoka eda juzi. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani, nikapata nafasi ya kufikiri kuliko miaka yote thelathini na moja ya ndoa yetu. Watu walikuja kunipa pole, na kila aliyenisifia mikono yako ya ufundi alinichoma bila kujua. Kuna jambo nilikuficha mpaka ukafunikwa sanda. Ulipokuwa hai mdomo ulinishinda, basi leo naandika. Ni habari ya yale mayai ya mjusi.

Unakumbuka nilivyokupiga vita mwanzoni? Kifua kilipokuzidi ukafunga kibanda chako cha kutengeneza mafriji pale Likoni, ukarudi nyumbani na vitu viwili: friji moja mbovu isiyo na dawa, na mjusi aliyekuwa akiishi nyuma yake. Mimi nimelelewa kwetu Mtongwe, na kwetu mjusi kafiri akionekana ukutani ndara huvuliwa, maana tulifundishwa kumpiga ni thawabu. Nikavua yangu. Ukasimama mbele ya ukuta umetanua mikono, mtu mzima na mvi zako.

"Mama Mwanaisha, huyu ana mimba. Mtazame tumbo."

"Ana mimba ya nani?" nikakuuliza.

Ulicheka mpaka kikohozi kikakushika, na mimi nikaivaa ndara yangu. Kweli, ngozi nyembamba ya tumbo lake ilionyesha mayai mawili meupe, kama mbegu za ubuyu zilizokwisha kumumunywa. Ukamwita Mashavu kwa sababu ya vile vifuko vilivyovimba shingoni mwake. Ukanieleza kwamba hapo ndipo anapoweka chokaa ya kutengenezea maganda. Tangu siku hiyo ukawa unaokota maganda ya mayai ya kuku wangu na kuyatwanga kumlisha, tena kwenye kinu changu cha kitunguu thomu! Nilikusema wiki nzima. Sasa kinu kiko pale pale, hakiguswi na mtu, na ningetoa chochote nikisikie kikigongwa.

Mayai ya kwanza uliyaweka kwenye mkebe karibu na balbu, yakanywea. Ya pili uliyalaza juu ya vumbi la mbao lenye unyevu, yakaota ukungu. Hukukasirika. Uliandika kila kosa kwenye daftari, kama ulivyokuwa ukiandika magonjwa ya mafriji. Mara ya tatu Mashavu alitaga nyuma ya saa ya ukutani. Kabla ya kuyagusa ulitia nukta ya penseli juu ya kila yai, ukayahamisha taratibu huku umezuia pumzi, ukayalaza kwenye kopo la siagi lenye mchanga mkavu uliouosha mara tatu. Pembeni ukaweka kifuniko cha soda chenye maji, hewa iwe na unyevu bila mayai kuloa. Kisha kopo likaingia ndani ya ile friji mbovu, mlango ukauacha wazi upana wa kidole. Ulisema friji isiyopoza ni nyumba nzuri, joto la mchana halipandi sana wala la alfajiri halishuki. Kipimajoto chako cha kazi kilikaa humo kutwa kucha.

Wiki ya tatu ulinipigia kelele nikiwa jikoni. "Njoo uone! Mama Mwanaisha, njoo uone!" Ulikuwa umemulika yai kwa taa ya simu bila kuliinua. Nikaona vijishipa vyekundu, vyembamba kuliko uzi. Nilisahau kabisa habari ya thawabu. Nilitamani kile kiumbe kitoke, na nilitamani zaidi uwe wewe uliyekitoa.

Siku nne baadaye kifua kikakubana, tukakukimbiza hospitali. Hukuwa na pumzi ya kuniachia maagizo. Ukalazwa siku kumi na moja. Nyumbani nikabaki na kuku wangu na mayai yako, nikaapa hutarudi ukakuta yameharibika.

Wajua mimi na kuku. Kuku akisusa kuatamia, mimi huyatia mayai kwenye kasha lenye balbu, na kila yai hulitia alama ya mkaa upande mmoja, nijue lipi nimeligeuza na lipi bado. Asubuhi alama chini, jioni alama juu. Yai lisipogeuzwa kifaranga hugandia. Nilipofungua kopo lako nikaona nukta zako, moyo ukafurahi. Nikasema, kumbe mume wangu ameiga kwangu, hakusema tu! Basi nikayageuza. Asubuhi nukta chini, jioni nukta juu, kwa ncha za vidole, na kila mara nikikuombea dua. Siku kumi na moja, sikusahau hata mara moja.

Ulirudi baada ya alasiri, na zamu ya jioni nilikuwa nimeshaimaliza. Nukta zilikuwa juu kama ulivyoziacha. Ukamulika, ukamulika tena. Vijishipa havikuwepo, ndani mlikuwa na kiza. Nilikuwa nasukuma chapati zako.

"Labda ni kule kugeuzwa," nilisema, nikitaka kukuuliza kama ulikuwa ukigeuza mara mbili au tatu kwa siku.

"Kugeuzwa tena?" ukasema. "Haya si ya kuku, mama. Mjusi hutaga akaenda zake. Kichanga hujishika upande wa juu, ukikipindua kinazama. Ndiyo maana nikatia nukta, nijue juu ni wapi nisije nikakosea."

Kifimbo cha chapati kilinisimama mkononi. Hapo ndipo palikuwa pa kusema, Baba Mwanaisha. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda, hatua mbili tu kutoka kwangu. Lakini ukaanza kuvitazama vidole vyako, ukasema, "Ni mimi. Nilibonyeza penseli mno. Mkono wangu umeshaanza kutetemeka." Nami nikageuza chapati.

Ungenisamehe, wallahi najua. Ungecheka ukakohoa. Niliona haya, na haya ikalala, ikaamka ikiwa kubwa zaidi. Ukamwacha Mashavu ukutani, ukasema aende zake, kwako hakuna baraka. Jirani alipoleta friji yake ukamwambia huna mkono tena. Wewe! Mkono uliolisha nyumba hii! Miezi saba ukaishi ukiuogopa mkono wako mwenyewe, na mimi nimo humu ndani nakupakulia chakula. Hilo ndilo linaloniliza, kuliko hata kifo chako. Kifo ni cha Mungu, lile lilikuwa langu.

Ndani ya eda, mwezi wa tatu ukianza, nilikuwa nafuta vumbi nyuma ya saa nikakuta mayai mawili. Nilikaa chini nikalia. Kisha nikalitafuta daftari lako nijue pa kuanzia. Ukurasa wa mwisho uliandika: "Mayai ya tatu. Mchanga sawa, joto sawa. Kosa: mkono wangu."

Nikachukua penseli yako. Kwanza nikatia nukta kwenye mayai, kwa kugusa tu. Kisha nikayakata yale maneno yako matatu, nikaandika chini yake: "Si kweli. Aliyageuza mkewe. Mkono wa fundi haukuwa na kosa." Nikamwita Mwanaisha aje asome. Alisoma mara mbili, akaniuliza, "Na baba alijua?" Nikamwambia hakujua. Hakunilaumu, alinishika bega tu, na nilistahili zaidi ya hapo.

Nikafuata daftari neno kwa neno: mchanga, kifuniko cha soda, friji mbovu, mlango upana wa kidole. Kila asubuhi mkono wangu wa kuku ulitaka kugeuza. Nikauweka nyuma ya mgongo.

Leo saa mbili asubuhi nimefungua mlango wa friji nikakuta yai moja limepasuka. Pembeni yake alikuwa ametulia mjusi mwembamba kama kijiti cha kiberiti, na vidole vyake vyote vimetimia. Njia yako ilikuwa sawa. Ilikuwa sawa tangu mwanzo, mume wangu. Nikaruka, nikageukia chumbani kwetu, nikaita kwa sauti yangu yote: "Baba Mwanaisha, njoo uone!"

Nimeita mara mbili kabla sijakumbuka.

Niwie radhi. Lala salama.

Mkeo uliyemwacha na penseli yako,
Mama Mwanaisha