Pedeli ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi 2025

Wiki ya saba tangu kiharusi. Mguu wa kushoto bado gogo. Mkono wa kushoto umelala mapajani, si wangu. Wa kulia unaandika — basi naandika. Miaka thelathini na moja nimeendesha malori ya pamba, Mhunze mpaka Mwanza, na leo naendesha kalamu!

Abdu fundi alikuja baada ya swala ya adhuhuri, midomo mikavu, amefunga. Shikamoo, marahaba, tukafunua turubai. Landrova yangu bado iko juu ya magogo hapa uani Nyahanga. Bodi safi, rangi safi. Chini ya boneti, shimo. Mwaka wa sita huu natafuta injini ya kuitia. Abdu anasema baba Vumilia, safari hii tuamue. Kuna gari aina ya Surf limegongwa nyuma, injini yake 1KZ nzima kabisa, na gia boksi yake ipo. Ya oto.

Oto! Nikamwambia hayo ni magari ya kwendea saluni. Mimi nataka injini ya 3L ya dizeli na gia tano za kupanga kwa mkono, na klachi ya kukanyaga. Aliutupia jicho mguu wangu, halafu akajifanya anakagua tairi. Sijapenda.

Kidaftari hiki kinaisha upesi mno. Vya siku hizi ni vyembamba.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Mama Vumilia amefunga, Abdu amefunga, anayekula ni mgonjwa peke yake. Ugali na sato. Nilipomaliza nikauliza mbona samaki mwenyewe kidogo hivi, au na mimi nimefungishwa kinguvu? Akaigeuza sahani. Nusu ya sato ilikuwepo! Sijui mchezo huo anaufanyaje. Sikucheka.

Zoezi: kukanyaga tofali kwa mguu wa kushoto mara hamsini. Nimekanyaga sifuri. Mama Vumilia anadai kidole gumba kimetikisika. Muongo. Ni kwa upendo, lakini muongo.

Ijumaa, 7 Machi

Abdu amefika Mwakitolyo kwa mtu aitwaye Mageni. Ana 3L inayozungusha karasha la kusagia mawe ya dhahabu, anataka kuiuza. Mageni akanipigia, akanisalimu Kisukuma: Mwangaluka, baba! Dume kweli hili, tangu nimelinunua halijafunguliwa hata nati! Nikasema mpe Abdu simu, aiweke karibu na injini, na mnyamaze wote.

Nikafumba macho. Nozeli moja inagonga. Hilo dogo. Nikamwambia Abdu afungue kifuniko cha oili. Akakifungua, akasema inapumua, baba, inatoa moshi kama jiko la kuni. Basi nikajua. Wameiendesha bila chujio la hewa, imevuta vumbi la mawe mwaka mzima. Silinda zimekwisha.

Masikio bado ninayo! Nilifurahi kama dakika moja. Halafu nikakumbuka kwamba hiyo ndiyo 3L pekee tuliyosikia tangu Krismasi. Nyingine ziko kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, zinavuta maji, au zimeuzwa kabla hujamaliza salamu. Mtu anayetaka injini ya kutembelea tu, huku kwetu anaonekana kichaa.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Tofali: sifuri.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwomba Abdu aniketishe kwenye kiti cha dereva cha Landrova. Amenibeba. Mimi, Ignas, niliyekuwa nafunga magunia ya pamba peke yangu.

Nikaushika mguu wa kushoto kwa suruali, nikauweka juu ya pedeli ya klachi. Ukateleza. Nikauweka tena, nikalisukuma goti kwa mkono. Ukateleza. Mara ya tatu nililia. Nililia kwa sauti, sioni aibu kuandika. Abdu akageuka akawa anakaza nati ambayo haikuwa imelegea.

Nikamuuliza, ile Surf bado ipo? Ipo, baba. Basi oto. Mguu wa kulia mzima, unatosha kwa mafuta na breki. Gia iko kushoto, nitavusha mkono wa kulia. Abdu akasema sawa, ila kabla hajaing'oa nionje kwanza, inatembea vizuri tu. Jumamosi, uwanja wa mpira.

Nimekubali kile nilichoapa kutokubali. Ajabu, nimekula vizuri.

Ijumaa, 14 Machi

Mama Vumilia hataki niendeshe kesho. Anasema tumuulize daktari kwanza. Daktari anajua nini kuhusu gia boksi? Nikamweleza vizuri, polepole: tatizo ni mguu, na oto haiuhitaji mguu huo. Limekwisha! Akasema si mguu tu. Ni nini basi? Akaenda kuanua nguo, na mvua haikuwepo.

Ana hofu. Wanawake na magari. Kesho ataona.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeendesha!

Pedeli mbili tu, mguu wa kulia unazijua zote. Uwanja mtupu, tope limekauka. Nikavusha mkono, nikaweka D, nikaachia breki — ikaondoka yenyewe, taratibu. Turbo inapiga mluzi. Nikacheka. Abdu kando yangu naye akacheka. Mzunguko mmoja mzima, tangu goli hadi goli. Nikasema hii ndiyo injini yetu, na gia boksi yake, ing'oe Jumatatu. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu.

Mzunguko wa pili Abdu akapiga kelele, akavuta breki ya mkono. Gari likasimama. Nikamfokea, una nini wewe, mbele hakuna kitu! Akasema pale, baba. Pale. Nikageuza kichwa chote mpaka shingo ikauma.

Mama Vumilia. Amesimama ubavuni mwa boneti upande wa kushoto, kiganja juu ya bati. Kanga ya njano. Abdu anasema alikuwa anakuja tangu golini, anapunga mkono, na yeye alidhani ninamwona, ninamfuata kwa utani. Uwanja mtupu, kanga ya njano, na sikumwona.

Hakupiga kelele. Alipanda nyuma, akaniambia akiwa hapo nyuma ya kisogo changu. Siku ya kuruhusiwa hospitalini, daktari alimwita pembeni. Macho yangu ni mazima. Ubongo ndio umeacha kuuhesabu upande wa kushoto, na huenda ukabaki hivyo. Hakuniambia kwa sababu alingoja upande huo urudi. Tangu siku hiyo anageuza sahani na kungoja.

Nilitaka kumkasirikia. Sikuweza. Miguu yake ilikuwa na tope mpaka kwenye vifundo.

Jumapili, 16 Machi

Amenionyesha namna: geuza kichwa mpaka kidevu kiguse bega la kushoto, ndipo uangalie. Nimekifungua kidaftari tangu mwanzo, kidevu begani. Kila ukurasa nusu ya kushoto ni nyeupe. Hata nukta hakuna. Hakikuwa chembamba.

Abdu alipita asubuhi. Kuna mtu wa Geita anaitaka ile Surf, injini akaifunge kwenye karasha. Abdu anasema zamu yangu ndiyo ya kwanza, lakini ajue kabla ya magharibi: aing'oe au amwachie? Atapiga simu saa kumi. Hakuniangalia. Nikamwambia nitakuwa na jibu.

Tangu hapo nageuza kichwa. Kushoto, kushoto. Dirisha lipo. Kalenda ipo. Nikiacha kufikiria tu, vinaondoka tena, na wala sioni kwamba vimeondoka. Barabarani nitamwona nani?

Lakini mguu wa kulia jana ulikumbuka kila kitu.

Saa kumi. Simu inaita. Mama Vumilia aliniwekea hapa mezani, nilimsikia akiiweka. Nimepapasa pote. Yuko mlangoni, amejishika mdomo, haji kunisaidia, anataka niipate mwenyewe. Imekatika. Inaita tena. Iko karibu kabisa, meza inatetemeka chini ya kidaftari.

Meza ni tupu.